Meno ya kauri kwa asiye na jino: yanadumu, ila uliza nani atayatunza

Kwa takriban miaka kumi mchanga wa Kwale ulisafiri kwa meli. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kampuni ya Base Titanium ilitoa vitu vitatu kutoka Maumba na Nguluku: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Viwili vya mwanzo ni mawe ya titani. Cha tatu ndicho kinachotoa zirkoniamu, ambayo ikichanganywa na hewa ya oksijeni huwa unga mweupe uitwao zirkonia.

Madini ya aina hii kwa sehemu kubwa huishia kwenye rangi nyeupe ya ukutani na vigae vya sakafu. Lakini fungu dogo huishia kinywani mwa watu. Titani hufanywa mizizi ya meno ya bandia, na zirkonia huchongwa ikawa meno yenyewe, yale yanayoitwa meno ya kauri. Sisemi kwamba kuna mtu Diani anatafuna kwa mchanga wa Nguluku. Nasema kwamba mali hizi si ngeni kwetu, na siku hizi zinarudi pwani kwa bei kubwa, zikiuzwa kwa wazee wetu kama meno ya maisha. Ni vizuri tujue zinadumu kweli kiasi gani, na kwa masharti gani.

Kilichonifanya niulize

Mjomba wangu amesomesha chuo cha Kurani upande wa Msambweni kwa zaidi ya miaka 30. Meno yalimtoka moja moja, hadi akawa kibogoyo. Chakula alivumilia: wali ulipikwa bokoboko, samaki akachambuliwa, muhogo ukapondwa. Kilichomuumiza ni herufi. Dhali na herufi ya th hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa ukingo wa meno ya juu, na fa hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Yeye hakuwa na cha kugusa. Sauti ikawa upepo, na watoto wakaiga kama walivyoisikia. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, naona nitaacha kusomesha. Siwezi kuwafunza watoto makosa."

Alikuwa na meno ya kubandika aliyotengenezewa miaka ya nyuma. Ya chini yaliteleza kila akifungua mdomo, akayatia mkebeni. Binamu yetu aliyeko Ghuba akapiga simu: yeye atalipa meno ya kauri, juu na chini, yaliyofungwa kwa skrubu, yasiyotoka. Familia ikashukuru. Mimi nikapewa kazi ya kuulizia. Nilisoma nilichoweza na nikakaa na madaktari wa meno na fundi wa maabara ya meno. Haya ndiyo niliyoyapata.

Taya likikosa meno

Mfupa wa taya huishi kwa ajili ya meno. Jino likitoka, ule mfupa uliolishika hauna kazi tena, huanza kuliwa na mwili wenyewe. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuata watu wenye meno kamili ya kubandika kwa muda wa miaka 25. Aliona mfupa ukiendelea kupungua miaka yote hiyo, na taya la chini likipungua takriban mara nne kuliko la juu.

Ndiyo sababu karibu kila mzee mwenye meno ya kubandika hulalamikia ya chini. Ya juu hujishika kwenye paa la mdomo kama kikombe kilichonyonya maji. Ya chini yamekalia ukingo mwembamba, na ulimi unayasukuma kutwa. Kila mwaka ukingo unazidi kushuka. Meno yaliyokaa vyema mwaka 2010 hayawezi kukaa vyema leo, hata kama hayajavunjika.

Mizizi ya titani imejaribiwa miaka mingi

Dawa ya tatizo hilo ni kipandikizi, yaani skrubu ndogo ya titani inayoingizwa mfupani pale mzizi wa jino ulipokuwa. Daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titani na mfupa hushikana kabisa. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, huko Göteborg. Larsson alivitumia vipandikizi vyake kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006.

Huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja si kipimo. Lakini mwaka 1981 timu ya Göteborg ilichapisha hesabu ya miaka 15 ya kazi yao kwa watu wasio na meno. Katika kundi lililofuatwa miaka 5 hadi 9, vipandikizi 81 kati ya 100 vya taya la juu vilikuwa bado imara, na 91 kati ya 100 vya taya la chini. Madaraja yaliyofungwa juu yake yalikuwa bado yakitumika kwa watu 89 kati ya 100 upande wa juu, na kwa wote upande wa chini. Tangu hapo vipandikizi vimeboreshwa, na tafiti za miaka kumi kwa kawaida zinaonyesha zaidi ya 90 kati ya 100 vikiwa bado mahali pake.

Kwa hiyo mzizi wenyewe hauna shaka kubwa. Hata hivyo, kumbuka tofauti ya juu na chini. Mfupa wa taya la juu ni laini zaidi, na mwenye kuahidi kwamba juu na chini ni sawa amerahisisha mambo.

Kauri yenyewe

Juu ya vipandikizi hufungwa daraja, yaani safu nzima ya meno iliyo kipande kimoja. Kwa taya moja hutumika vipandikizi vinne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Njia ya vipandikizi vinne, miwili ya nyuma ikiwa imelazwa kidogo ili kukwepa mahali penye mfupa mchache, ilienezwa na daktari Paulo Malo wa Lisbon, Ureno, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990.

Zamani daraja hilo lilikuwa chuma ndani na akriliki nje, ile plastiki ngumu ya meno ya kubandika. Akriliki huchakaa, hunyonya rangi ya chai na tambuu, na jino moja moja hubanduka. Zirkonia ilikuja kutibu hayo. Ni ngumu sana, haichakai upesi, haishiki rangi, na ukungu wa uchafu haung'ang'anii juu yake kama kwenye plastiki.

Takwimu zake za mwanzo ni nzuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu madaraja 2,039 ya zirkonia ya taya zima, na yaliyovunjika ndani ya miaka mitano yalikuwa machache mno. Lakini msomaji aangalie hapo kwenye neno "mitano". Chuma na akriliki vina kumbukumbu ya miaka 15 na zaidi. Zirkonia ya taya zima ni kitu cha karne hii, na ushahidi wake mwingi ni wa miaka michache ya mwanzo. Mwenye kukuahidi miaka 30 ya zirkonia anakuahidi kitu ambacho bado hakijaishi miaka 30.

Jambo la pili ni aina. Kuna zirkonia iliyopakwa tabaka la kauri laini kwa nje ili ipendeze, na kuna iliyochongwa kipande kimoja bila tabaka. Kasoro inayoripotiwa zaidi kwa ile ya kwanza ni kubanduka vipande vya tabaka la nje, kama sahani iliyomeguka ukingo. Iliyochongwa kipande kimoja haina tabaka la kubanduka, na ndiyo inayopendelewa zaidi sasa, hasa kwa meno ya nyuma.

Jambo la tatu ni uzito na ugumu. Zirkonia ni nzito takriban mara tano kuliko akriliki ya ukubwa uleule. Ikiwa juu na chini zote ni zirkonia, wengine husikia meno yakigongana wakila au wakizungumza. Ikiwa upande mmoja ni meno ya asili na zirkonia haikung'arishwa vizuri, inayasaga.

Ikiharibika, itatengenezwa wapi?

Hapa ndipo sisi watu wa kusini mwa pwani tunapotofautiana na mtu wa Göteborg au Lisbon.

Akriliki ikivunjika, fundi yeyote mzuri wa maabara ya meno anaweza kuiunga. Zirkonia ikivunjika katikati haiungiki. Hufunguliwa, vipimo hupigwa upya, na daraja zima hutengenezwa tena kwa mashine maalumu na tanuri. Gharama inaanza upya, tena ni ya mamia ya maelfu ya shilingi.

Hata kama haikuvunjika, skrubu hulegea. Hilo ni jambo la kawaida wala si maafa, mradi aliye karibu ana bisibisi inayoingia. Vipandikizi vina viwanda vingi duniani, na kila kiwanda kina skrubu zake. Namjua mzee mmoja wa Diani aliyetengenezewa daraja la kauri nchi ya mbali, akarudi na tabasamu la bwana harusi. Mwaka wa tatu likaanza kucheza. Alipita kwa madaktari watatu, na kila mmoja aliuliza swali moja: vipandikizi ni vya kampuni gani, na saizi gani? Hakuwa na karatasi hata moja. Kliniki iliyomtengenezea haikujibu simu. Wakati anatafuta, daraja lililolegea lilikuwa likivuta vipandikizi, na viwili vikapotea na mfupa wake. Kauri ilikuwa bado inang'aa kama siku ya kwanza.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Meno haya kwa kawaida hayafi kwa sababu ya kauri. Hufa kwa mfupa ulioliwa chini yake, kwa skrubu iliyoachwa imelegea, na kwa kukosa mtu wa kuyafungua na kuyasafisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa zirkonia ni ghali.

Maradhi ya mizizi ya bandia

Mizizi ya titani haitoboki kama jino, lakini fizi zinazoizunguka huugua. Uchafu ukikaa chini ya daraja, fizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa huanza kuyeyuka polepole, mara nyingi bila maumivu. Mgonjwa hugundua kipandikizi kikiwa tayari kinatikisika.

Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa, na waliopoteza meno yao kwa ugonjwa wa fizi. Huku kwetu sukari imeingia nyumba nyingi. Sukari haimzuii mtu kuwekewa vipandikizi, lakini lazima kwanza ishuke na ibaki chini. Mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani sehemu za kichwa na shingo, lazima amwambie daktari kabla ya kuguswa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazohisi. Ukiuma kijiwe ndani ya wali, unaacha mara moja. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, kimeshikana na mfupa mkavu. Mtu huuma kwa nguvu bila kujua. Kwa hiyo mfupa wa mbuzi, barafu, na kufungua soda kwa meno ni marufuku, hata kama muuzaji alisema meno ni magumu kama jiwe. Msaga meno usiku atengenezewe kifuniko cha kulalia.

Usafi nao si wa mswaki wa mti peke yake. Mswaki wetu ni kitu chema, nje unasafisha, lakini haufiki chini ya daraja. Panahitajika vibrashi vidogo vya kupenya na uzi mnene wa kupitisha chini, kila siku. Daktari aangalie kila miezi sita, na picha ya eksirei ipigwe mara kwa mara ili mfupa ulinganishwe na wa mwaka uliopita. Kabla ya kumfunga mzee meno yasiyotoka, tujiulize: macho yake na vidole vyake vinaweza kazi hiyo? Kama haviwezi, nani nyumbani ataifanya?

Njia ya kati

Mwaka 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, wakatoa kauli moja: kwa mtu asiye na meno ya chini, chaguo la kwanza lisiwe tena meno ya kubandika matupu, bali meno ya kubandika yanayoshikwa na vipandikizi viwili. Viwili tu, mbele ya taya la chini. Juu yake huwekwa vifungo, na meno hubanwa hapo kama kifungo cha shati. Hayatelezi, lakini mwenyewe anaweza kuyatoa akayasafisha mkononi.

Njia hii haina fahari ya kauri. Vile vipande laini ndani ya vifungo huchakaa, na hubadilishwa kila baada ya muda, mara nyingi mwaka hivi. Lakini kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache na fedha kidogo. Meno yakivunjika, yanaungwa. Mfupa ukipungua, yanajazwa kwa ndani. Na mfupa wa pale mbele hupungua kidogo zaidi kuliko ungepungua bila vipandikizi.

Sisemi kauri ni mbaya. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye afya, mikono imara, daktari anayefikika na akiba ya matengenezo, daraja la zirkonia ni kitu kizuri sana. Ninasema lisiwe la kwanza kutajwa kwa kila mzee kwa sababu tu kuna mtoto ng'ambo anayeweza kulipa.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Mwenye kutaka ushauri aanze karibu. Kitengo cha meno cha Hospitali ya Rufaa ya Msambweni kinaweza kumwangalia kinywa na kumwelekeza, na Mombasa iko Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Kwa kliniki yoyote ya binafsi, angalia kwanza kama daktari na kliniki wako kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno nchini. Kisha uliza haya, na majibu yaandikwe:

1. Vipandikizi ni vya kampuni gani, aina gani, saizi gani? Nipewe kadi yenye maelezo hayo na namba zake.
2. Je, mfupa wangu umepimwa kwa picha ya taya zima, na ikibidi picha ya pande tatu?
3. Nitakaa na meno ya muda kwa miezi mingapi? Mfupa huhitaji miezi mitatu hadi sita kushikana na titani. Kauri ya mwisho ikifungwa ndani ya wiki moja ya safari, uliza kwa nini.
4. Daraja ni la kipande kimoja au lina tabaka? Limefungwa kwa skrubu au kwa saruji? La skrubu hufunguka likasafishwa.
5. Likivunjika mwaka wa nne, nani atalipa, na litatengenezwa wapi?
6. Ziara za kila miezi sita ni kiasi gani, na zitafanywa wapi ikiwa kliniki iko ng'ambo?

Swali la sita ndilo linalosahaulika. Nauli ya Dubai au India inaonekana rahisi ukiihesabu mara moja. Ihesabu kwa miaka kumi.

Tulichoamua

Tulimpigia binamu simu, tukamweleza kwa upole. Mwanzo alihisi tunamnyima thawabu. Akauliza, "Mbona mnamchagulia mzee cha bei ndogo?" Mjomba mwenyewe akaichukua simu, akamjibu, "Mwanangu, nataka kitu ambacho nikikihitaji kutengenezwa naweza kupanda matatu nikaenda."

Aliwekewa vipandikizi viwili chini na meno ya kubandika mapya juu. Siku ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, daktari alimwambia asome Alhamdu. Akasoma, daktari akasikiliza, fundi akasogeza meno ya mbele kidogo, akasoma tena. Mara ya tatu dhali ikatoka safi. Mzee akanyamaza, akajifuta macho kwa kofia yake.

Huu ni mwaka wa tatu. Vipande vya vifungo vimebadilishwa mara mbili. Fedha zilizobaki binamu alisema ziwekwe, ziwe za matengenezo, na ziko. Kila jioni baada ya alasiri ukipita karibu na chuo utamsikia akiwasomesha, na watoto wakiitikia herufi kama zilivyo.